Majeruhi wa Taifa

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, na watu wake wapo, ila jina lake silitaji. Kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu mimi mdogo. Mniwie radhi. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, yenye majengo marefu, na yenye serikali inayoshughulikia mambo.

Moja ya mambo iliyoyashughulikia ni ajali. Zamani, kabla serikali haijaamka, mafundi walikuwa wakipukutika kwenye majengo kama nazi kavu. Kila wiki gazeti lilikuwa na picha ya mtu aliyefunikwa kanga kando ya lundo la kokoto, na picha zile zilikuwa zikiwaharibia wawekezaji kifungua kinywa. Waziri wa Kazi na Usalama, Mheshimiwa Mwinyikondo, alikaa akafikiri. Mtu asiyesoma angekimbilia kununua kamba na nyavu. Yeye ana shahada tatu, moja akiwa ameisomea, kwa hiyo aliliendea tatizo kwenye mzizi: akapeleka bungeni Sheria ya Kukomesha Ajali. Kifungu cha kwanza kilisema ajali zimekoma. Kifungu cha pili kilisema atakayeonekana amepata ajali, au akimsaidia mwenzake kuipata, ametenda kosa. Wabunge walipiga meza kwa furaha mpaka seremala akaitwa.

Tangu siku hiyo hatukupata ajali hata moja. Takwimu zipo, mtu akitaka ataonyeshwa. Nchi jirani zilituma wajumbe waje kujifunza, wakala, wakapewa vikapu vya ukindu, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Ushindi mkubwa namna ile haukufaa kuachwa bila jengo. Ikaamuliwa lijengwe Jumba la Usalama, refu kupita yote mjini, liwe makao ya maofisa wanaosimamia usalama na fidia za wafanyakazi. Zabuni ilitangazwa kwa uwazi kabisa nyumbani kwa Waziri, na shemeji yake, aliyekuwapo kwa bahati, akashinda.

*

Kwenye jengo hilo alikuwapo fundi mmoja aitwaye Salmini. Kazi yake ilikuwa kufunga nondo kwa waya, ziwe tayari kabla zege halijamwagwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Nondo iliyopinda aliiita “shangazi”, iliyonyooka aliiita “bwana harusi”, na vibarua waliokuwa chini walikuwa wakimsikia huko juu akigombana na shangazi zake asubuhi nzima wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mkewe, Tausi, alikuwa akishona sare za shule. Walikuwa na binti mmoja, Nuru, na nyumba yenye kuta nzuri zilizonyooka, isiyo na paa, kama zilivyo nyumba nyingi za mafundi wanaowapaulia wengine. Walikuwa wakilala chini ya turubai.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Ngwali, mkoroga zege. Walikula sahani moja kila mchana, na aliyewahi kufika alimwekea mwenzake kipande cha samaki, hata akiwa na njaa ya kumeza sahani.

Kofia ngumu zilikuwapo pale saiti, mpya, za njano, zinang'aa. Zilikuwa zimefungiwa stoo. Zilitolewa siku za wageni tu, kisha zikakusanywa na kufutwa vumbi. Msimamizi wa saiti, Bwana Zefania, aliwaeleza vibarua sababu kwa upole:

“Kofia ikivaliwa kila siku inachakaa. Ikichakaa, Mheshimiwa akija tutamvalisha nini?”

Vibarua wakarudi kazini vichwa wazi.

Jukwaa walilopanda mafundi lilikuwa la miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa kamba za katani. Miti hiyo ilikuwa imeshajenga benki, hoteli na msikiti, na sasa ilikuwa imezeeka. Siku moja Salmini alimwita Bwana Zefania.

“Bwana Zefania, mti huu wa ghorofa ya nne umeoza.”

“Umekwambia?”

“Nimeukanyaga, ukalia.”

“Mti ukilia wewe unakuhusu nini? Umekuja kujenga au kubembeleza miti?”

Vibarua wakacheka. Salmini naye akacheka, maana alipenda neno zuri hata likimpiga yeye, akarudi juu.

Mti ulikatika asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linaanza kuwasha. Salmini aliikosa boriti moja njiani, akaangukia mgongo ukingoni mwa lundo la kokoto. Baadaye alimwambia mkewe kwamba maumivu hayakuja mara moja. Aliona anga, akaona kipande cha mti kimebaki kinaning'inia kwenye kamba, kinabembea. Kisha akataka kukunja miguu ili ainuke.

“Niliiita miguu yangu kama unavyoita watoto waje kula,” alisema. “Haikuitika.”

Ngwali alitupa koleo, akapiga kelele: “Ajali! Jamani, ajali!”

Saiti nzima ikaacha kazi. Aliyekuwa amelala kwenye kokoto hakuwa ameishangaza sana, lakini neno lile lilikuwa halijasikika pale miaka mingi. Bwana Zefania alikuja mbio, akamruka Salmini, akaenda kumziba Ngwali mdomo kwa kiganja.

“Una watoto wewe? Unataka wakale wapi? Sema neno jingine!”

“Nisemeje? Mtu ameanguka!”

“Hajaanguka,” alisema Bwana Zefania, akatazama juu, akatazama chini, akalipata neno. “Ameshuka.”

Mkaguzi wa Usalama alifika haraka, lazima tumsifu. Aliagiza kofia moja itolewe stoo, Salmini akavishwa pale pale alipolala, akapigwa picha kwa pembe nzuri, kisha kofia ikarudishwa. Picha ilitoka gazetini siku ya pili ikiwa na maneno: Mfanyakazi akipumzika kwa usalama. Wengi tuliisifu. Alionekana ametulia sana.

*

Hospitalini daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana mpole mwenye macho mekundu ya usingizi. Alimpima Salmini, akampiga picha ya mgongo, akakunja uso, akamgeukia Tausi aliyekuwa amefika na sindano bado imechomekwa kwenye kola ya gauni.

“Uti wa mgongo umeumia, mama. Haujakatika wote, lakini umeumia vibaya. Sasa lazima niandike chanzo.”

“Ameanguka kutoka ghorofa ya nne.”

“Shh!” Daktari alitazama mlangoni. “Mama, nikiandika ameanguka, dawa hazitoki. Kompyuta inakataa. Hilo neno waliliondoa.”

“Basi kuna maneno gani?”

Daktari akasoma kwa sauti ya chini, akisogeza kidole kwenye kioo. Malaria. Kuhara. Kuumwa na mbwa. Uzazi. Uzee.

Wakatazamana. Salmini hakuwa amefikisha hata miaka thelathini na tano.

“Mbwa angekuwa afadhali,” alisema daktari, “ila watataka kumwona mbwa.”

Ikawa uzee. Salmini alilazwa wodi ya wazee, kati ya mzee mmoja aliyemwita mwanangu na mwingine aliyemwita babu. Alipewa dawa za kikohozi na blanketi zito. Wazee walimpenda kwa sababu aliwapa majina vyuma vya vitanda. Alipotolewa, miguu ilikuwa haijaitika bado, na mgongoni alikuwa na vidonda viwili vya kulala.

*

Sheria yetu, pamoja na kukomesha ajali, haikufuta Baraza la Fidia. Baraza lilibaki, likiwa na mwenyekiti, wajumbe, ukumbi na chai ya saa nne. Tausi alikuwa mwanamke wa kushona, na mshonaji akiona uzi umefumuka hawezi kuuacha. Ngwali alimpatia toroli la saiti, wakaweka godoro, wakamlaza Salmini, na Tausi akalisukuma kutoka kwao mpaka mjini katikati ya magari, watu wakimpisha na wengine wakimuuliza anauza nini.

Kabla ya hapo Ngwali alikuwa amemshika mkono. “Shemeji, mimi nitasema. Nilikuwa pale. Nitasema yote.”

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa jaji mstaafu mwenye sauti nzito iliyowafanya watu walie kabla hawajajua anasema nini.

“Mlalamikaji asimame aape,” alisema.

“Siwezi kusimama, mheshimiwa,” alisema Salmini kutoka kwenye toroli.

“Karani, andika: mlalamikaji amekataa kusimama.”

Wakili wa kampuni aliinuka. Nilikuwapo ukumbini siku ile, na sijapata kusikia hoja iliyonyooka namna ile.

“Bwana Salmini, kazi yako ilikuwa wapi?”

“Ghorofa ya nne.”

“Ulipokuwa ghorofa ya nne, uliumia?”

“Hapana.”

“Hewani, ulipokuwa njiani, uliumia?”

“Hapana. Niliogopa.”

“Hofu haifidiwi. Uliumia wapi basi?”

“Chini.”

“Ahaa. Na huko chini ulikuwa na kazi gani?”

Salmini alikuwa mtu mkweli, na ukweli ukamponza. “Sikuwa na kazi chini.”

“Waheshimiwa!” Wakili alifungua mikono. “Mlalamikaji aliacha kituo chake cha kazi bila ruhusa, saa za kazi, akaenda mahali pasipomhusu, na huko ndiko alikoumia. Mwajiri afidie nini? Mwajiri ndiye aliyeachwa!”

Ukumbi ulipiga makofi. Tausi akasimama, akasema, “Tuna shahidi.”

Ngwali alipanda kizimbani. Alikuwa amevaa shati jipya. Jana yake Bwana Zefania alikuwa amemwita pembeni akamwambia kwamba nafasi ya fundi wa nondo iko wazi, mshahara wake unazidi wa mkoroga zege mara mbili, na kwamba yeye, Zefania, huwapenda watu wanaojua kuinama.

“Ulimwona akianguka?” aliuliza mwenyekiti.

“Nilikuwa nimeinama, mheshimiwa. Nakoroga zege.”

“Hukusikia chochote?”

Ngwali alilitazama toroli. Salmini alikuwa anamtazama bila kupepesa.

“Nilisikia kishindo,” alisema Ngwali. “Nikadhani ni mfuko wa simenti.”

Baraza lilitoa uamuzi kabla chai haijapoa. Dai lilitupwa. Mlalamikaji alionywa asiache tena kazi kwa njia ile, na kwa huruma tu hakudaiwa kokoto alizozichafua.

Siku chache baadaye Ngwali alikwenda nyumbani kwa Salmini na nusu gunia la unga begani. Tausi alimkuta mlangoni, akaweka mkono kwenye mwimo.

“Rudi na unga wako. Sisi huku hatuli simenti.”

“Shemeji...”

“Usiniite shemeji.”

“Mwache apite, Mama Nuru,” Salmini alisema kutoka ndani.

Ngwali aliingia, akakaa chini karibu na kitanda. Salmini ndiye aliyeanza.

“Nondo unazifungaje? Unakaza waya mara mbili?”

“Mara mbili.”

“Vizuri. Ungesema kweli pale barazani, leo tungekuwa wawili tusio na kazi. Nani angeleta unga?”

Ngwali alilia, akijifuta kwa shati lake jipya. Tausi alikuwa nje, akipepeta kunde ambazo zilikuwa zimeshapepetwa.

*

Pengine mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia mambo mengi ya kwetu, lakini wafadhili walikuja. Hawa walikuwa watu wa nchi za mbali wenye mfuko mkubwa wa kuwasaidia wafanyakazi walioumia kazini. Walikaribishwa ukumbini kwa ngoma na sambusa. Mheshimiwa Mwinyikondo aliwasomea takwimu: ajali sifuri, majeruhi sifuri, vifo sifuri.

Mkuu wa wafadhili alisimama akampa mkono. “Hongereni sana,” alisema. “Basi fedha hizi tutazipeleka kwa nchi yenye majeruhi.”

Mheshimiwa alikuwa na sambusa mdomoni. Wanaomfahamu wanasema haijashuka mpaka leo.

“Majeruhi tunao!” alisema alipopata pumzi. “Tunao! Ni wachache, lakini ni wa hali ya juu.”

“Tunaweza kumwona mmoja?”

“Kesho.”

Jioni ile magari matatu ya serikali yalisimama mbele ya nyumba ya Salmini kwa vumbi jingi, na Tausi akadhani wamekuja kudai kokoto. Kesho yake asubuhi Baraza la Fidia liliitishwa kwa dharura. Jaji alisoma kwa sauti ile ile ya kuliza:

“Baada ya kutafakari upya kwa kina, Baraza limeona kwamba kushuka kwa kasi kubwa kunaweza, katika mazingira ya pekee, kufanana na kuanguka.”

Wakili wa kampuni alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Kwa kuwa sheria ilikuwa bado inakataza ajali, Baraza la Mawaziri liliruhusu moja tu, iwe ya mfano. Salmini akatangazwa Majeruhi wa Taifa. Uamuzi ulisema atapata matunzo kamili, yeye na familia yake, muda wote atakaokuwa majeruhi.

Siwezi kusema serikali haikutimiza. Bati lilikuja, nyumba ikapauliwa, na jina la Wizara likaandikwa juu kwa rangi nyekundu ili lisomeke kutoka kwenye ndege. Unga ulikuja, mafuta yakaja, Nuru akalipiwa shule na kununuliwa viatu vilivyomtosha. Kiti cha magurudumu kilikuja. Muuguzi akatumwa kusafisha vidonda kila asubuhi, mama mmoja mnene mwenye utani, Bi. Mwanahija.

Ikaundwa pia Idara ya Majeruhi. Ilikuwa na mkurugenzi, Bwana Shemhina, na manaibu wake, wahasibu, madereva, mshauri wa mavazi na mpiga picha. Suruali ya maonyesho ya Salmini ilinunuliwa mpya dukani, kisha ikachanwa na mtaalamu. Kila wageni walipofika, gari lilikuja kumchukua, akaketishwa jukwaani kati ya Waziri na bendera, akatazamwa, akapigwa picha, akarudishwa. Hakutakiwa kusema. Mara moja alijaribu kuwaambia wageni juu ya mti uliolia, na mkalimani akatafsiri kwamba anawashukuru. Fedha za wafadhili zikamiminika, na zikaanza kujenga Jumba la Usalama la Pili, mkabala na la kwanza. Watu wengi sana wakawa wanaishi juu ya mgongo wa Salmini, ukizingatia kwamba ulikuwa umevunjika.

*

Bi. Mwanahija hakuwa mtu wa siasa. Alimfundisha Tausi kumnyoosha mumewe miguu, kuikunja na kuikunjua, kumgeuza, kumketisha. Tausi alifanya hivyo kila siku, akihesabu kwa sauti kama anavyohesabu mishono, huku Salmini akiitukana miguu kwa majina ya shangazi zake wote. Miezi ikapita hivyo.

Alasiri moja Tausi alikuwa kwenye cherehani, na Salmini akamwita.

“Mama Nuru, kitandani humu kuna siafu?”

“Siafu watoke wapi? Nimefagia.”

“Basi kuna kitu kinanitembea mguuni.”

Cherehani ilinyamaza. Tausi alikuja, akafunua shuka. Hapakuwa na siafu, hapakuwa na kitu. Akaweka ncha ya kidole kwenye unyayo wa kulia.

“Hapo?”

“Hapo hapo.”

“Na hapa?”

“Unanitekenya, mwanamke.”

Tausi alikaa chini sakafuni, akaegemeza paji la uso kwenye kitanda, akalia mpaka Nuru akaja kutazama amepigwa na nani.

Bi. Mwanahija alipokuja alipiga vigelegele. Alisema uti ulikuwa haujakatika wote, na kwamba mazoezi yakiendelea, Salmini atasimama, na akisimama atatembea kwa magongo, na baada ya magongo anajua Mungu. Kwa furaha, akaandika hayo yote kwenye ripoti yake ya mwezi.

Siku ya pili Bwana Shemhina alifika mwenyewe, jasho linamtiririka, na kikapu cha machungwa mkononi. Alikuwa mtu wa adabu. Aliuliza hali ya mtoto, akasifu bati, ndipo akakaa.

“Bwana Salmini, nasikia kuna tatizo.”

“Mimi nasikia nafuu.”

“Ndiyo hiyo ninayoisemea.”

Akatoa leso, akajifuta shingo. “Mimi sikulazimishi. Nchi yetu ni huru, mtu akitaka kupona, apone. Ila uamuzi unasema muda wote utakaokuwa majeruhi. Ukipona, matunzo yanakoma. Bati ni mali ya Wizara. Shule ya mtoto, unajua mwenyewe. Na kazi ya nondo huwezi kuirudia, utembee kwa magongo juu ya jukwaa? Huo utakuwa ukiukaji wa usalama.”

“Na hiyo idara yenu?” aliuliza Salmini. “Itakufa?”

“Idara haifi,” alisema Bwana Shemhina, akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Usitutie huruma. Ukituacha tutapata mwingine.”

“Mwingine mtampata wapi, na ajali zimekoma?”

“Saiti ya Jumba la Pili ipo. Jukwaa ni lile lile, tumelipaka rangi tu. Nani yule kijana anayefunga nondo pale ghorofa ya saba? Alikuwa shahidi wako. Ngwali. Waziri anampenda, anasema ana sura nzuri ya kupigwa picha.”

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayemtaja anayefaa kupandishwa cheo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Viongozi wetu hufundishwa kupanga mapema. Alimenya chungwa moja, akampa Nuru, akaaga.

Wiki ile ile Bi. Mwanahija alipandishwa cheo, akahamishiwa wilaya isiyofikika kwa barabara.

Tausi alimngoja mumewe aseme. Siku mbili hakuyapa majina hata mabati. Mwishowe Tausi akafunga mlango na dirisha, akapanda kitandani, akaushika mguu wa kulia.

“Tutafanya wenyewe. Mlango umefungwa, nani ataona? Moja...”

“Acha, Mama Nuru.”

“Mbili.”

“Nimesema acha.”

Akaacha. Salmini alikuwa anatazama bati.

“Nikisimama,” alisema, “kuna mtu atalala hapa nilipolala. Umemsikia. Ghorofa ya saba, si ya nne.”

“Yule yule aliyekukana mbele za watu! Aliyekuita mfuko wa simenti!”

“Ana watoto watatu.”

“Sisi hatuna?”

“Huyo wa kwetu anakula. Ana viatu. Nikisimama, viatu vinakwenda.”

“Nitashona.”

“Utashona usiku na mchana, na bado bati litatoka.”

Tausi alitazama mikono yake. “Kila mtu umemhesabu,” alisema taratibu. “Ngwali umemhesabu, watoto wake umewahesabu, bati umelihesabu. Mimi je? Mimi niliolewa na mtu anayetembea.”

Salmini alifungua mdomo, na yeye aliyekuwa na maneno ya kuwapa hata vyuma, hakuwa nalo la kumpa mkewe. Akamshika mkono. Tausi hakuuondoa, wala hakuubana.

Baadaye kidogo Tausi aliondoka kwenda kutunga uzi sindanoni.

*

Mwanzoni mwa msimu wa mvua wakaja wageni wakubwa kuliko wote waliopata kuja, kuweka jiwe la msingi la Jumba la Usalama la Tatu. Mji ulifagiliwa. Watoto wa shule walipangwa barabarani na vibendera, Nuru akiwa miongoni mwao. Gari la Idara lilifika mapema kumchukua Majeruhi wa Taifa, likasimama nje na kupiga honi.

Tausi alikuwa amemwogesha mumewe, amemnyoa ndevu, amemketisha kwenye kiti cha magurudumu. Akachukua suruali ya maonyesho, ile iliyochanwa, akapiga goti mbele yake amvishe. Aliuingiza mguu wa kushoto, mzito kama siku zote. Alipokuja kwenye wa kulia, mguu ukanyanyuka wenyewe.

Haukunyanyuka sana. Ulipanda kidogo kutoka kwenye kibao cha kiti, vidole vimejikunjua, ukaielekea suruali kama mguu wa mtu yeyote anayevaa nguo asubuhi. Ukabaki pale hewani, unatetemeka kidogo. Wote wawili wakautazama. Nje, honi ilipiga tena, mara mbili.

“Mama Nuru,” alisema Salmini.

“Nimeuona.”

“Mguu huu utafanya hivi jukwaani. Siwezi kuuzuia.”

Tausi alibaki amepiga goti. Kisha akaushusha mguu taratibu, akauingiza kwenye suruali, akauweka kwenye kibao. Akanyoosha mkono mpaka kwenye meza ya cherehani, akavuta kipande kirefu cha kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule, akakizungusha kwenye kifundo cha mguu na chuma cha kiti. Akafunga fundo la kwanza. Akafunga la pili. Akauvuta ule mguu kuona kama umekaza, akashusha pindo la suruali likafunika.

Akainuka, akafungua mlango.

“Tayari,” akamwambia dereva.